Bomba Alilotengeneza Kaka Yangu

Watu wakinisikia nikisema kwamba kaka yangu Cleophas Mwikwabe alikuwa fundi kuliko mafundi wote wa Tarime, hudhani namsifu kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Thubutu! Huyu mtu nimemgombeza mara nyingi kuliko nilivyomsifu, na sababu ninazo. Lakini mkono wake ulikuwa mkono kweli. Na mkono huohuo nusura unizike, mimi Mogesi, dada yake wa tumbo moja, mchana kweupe, mbele ya wanaume zaidi ya arobaini. Imepita miaka mingi na bado nikikumbuka nashika kifua.

Cleophas hakupenda ng'ombe, na kwetu hilo peke yake ni jambo la kushangaza. Akipelekwa malishoni anarudi na vipande vya waya. Alipokuwa na miaka kumi na mbili aliifungua karabai ya baba, akaitandaza chini vipande vipande, na baba alipokuja na fimbo akakuta imesharudishwa na inawaka kuliko mwanzo. Baba alishindwa kuamua apige au asipige. Mwishowe alimchapa kidogo tu, kwa ajili ya heshima ya fimbo. Baadaye Cleophas alienda Musoma kujifunza ufundi kwa Mhindi mmoja wa baiskeli, akarudi mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni ya vijiji, tulipotolewa kwenye maboma yetu na kupangwa kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Nyumba yetu mpya ilikuwa ya nne kutoka ofisi ya kijiji. Pembeni yake akajenga kibanda kisicho na ukuta wa mbele, na hapo ndipo alipotengeneza baiskeli, plau, redio, miavuli, na mara moja meno ya bandia ya katekista.

Mimi nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya Kilima cha Mawe, upande wa kwenda Susuni, na mume wangu Waitara. Kijiji cha wazazi wangu kilikuwa upande wa kwenda mjini, changu upande wa pili, na kilima katikati. Kijijini kwa mume wangu palikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na nesi mmoja, Agustina, Mngoni aliyeletwa na serikali kutoka Songea. Agustina alikuwa na pikipiki. Wilaya ilimpa kipikipiki cha porini, chembamba, cha bei ya chini kuliko zote, chenye matairi ya vipara na sauti nyembamba kama ya cherehani. Alivaa suruali ndani ya gauni lake jeupe, akapanda, akapita. Wanawake wa kwetu walikaa wiki nzima wakizungumzia suruali hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka wa sabini na nane uchungu ulinishika, mtoto akawa amekaa vibaya. Agustina akanipakia nyuma ili anipeleke hospitali mjini. Tulifika nusu ya Kilima cha Mawe, pikipiki ikaanza kukohoa, ikatetemeka, ikazima. Akaiwasha, ikazima. Akaniambia nishuke, akaisukuma, nami nikatembea kwa miguu na uchungu wangu, nimeshika mti huu nashika mti ule. Tulipofika juu jua limekwenda, na mtoto wangu alizaliwa njiani hana pumzi. Alikuwa wa kiume.

Siku ya tatu Cleophas alikuja kunipa pole. Akasimama mlangoni, akasema, "Pole, Mogesi," kisha akatoka. Nilisubiri arudi aketi. Hakurudi. Nilipochungulia nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye ua wa zahanati, amechutama nyuma ya pikipiki ya Agustina, kidole kinakwenda jino kwa jino kwenye gurudumu la cheni. Anahesabu! Nimefiwa, maziwa yananiuma kifuani, na ndugu yangu anahesabu meno ya spoketi! Nilitoka na khanga moja, nikamtukana mpaka Agustina akaja kunishika.

Cleophas alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Meno thelathini na nane," akasema. "Hii imetengenezwa kwa barabara tambarare, Mogesi. Ya nyuma ni ndogo mno. Na ekzosi imejaa masizi, haipumui. Mtu umeziba pua yake halafu unampa mzigo apande mlima. Atapanda?"

Nilikuwa na hasira naye kwa mwaka mzima.

Kisha vita vya Uganda vikaja, petroli ikaenda vitani, pikipiki ikakaa chini ya turubai. Vita vilipokwisha vijana wetu walirudi, na si wote waliorudi mikono mitupu. Bunduki zikaingia kwenye wizi wa ng'ombe. Zamani wezi walikuja na mishale kama sisi, unajua unapambana na nini. Sasa mchungaji anasikia mlio mmoja tu porini, na ng'ombe hamsini wamekwenda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi mwaka ule wa themanini tulishtuka hata kwa mlango kubamizwa na upepo.

Mwaka huohuo nikapata mimba nyingine. Nilipomwambia Cleophas hakunipongeza. Aliuliza tu, "Utajifungua mwezi wa ngapi?" Nikamwambia wa tisa. Akahesabu kwa vidole, akavuka kilima kwenda kumwona Agustina na mwenyekiti wa kijiji chetu, akawaomba wampe pikipiki mwezi mmoja. Mwenyekiti akauliza vipuri atapata wapi. Swali la haki. Siku zile ukitaka hata kipande cha cheni unaandika barua kwa katibu kata, na jibu likirudi baiskeli imeshaota kutu. Ng'ambo ya Sirari vitu vilikuwepo, lakini mpaka umefungwa, na aliyekamatwa navyo aliitwa mlanguzi. Cleophas akasema, "Nitatengeneza." Mwenyekiti akacheka. Hata mimi nilicheka, na bado namwomba Mungu anisamehe kicheko kile.

Alichukua jembe la plau lililovunjika, chuma kigumu kile kinachopasua udongo. Halafu akaniacha mdomo wazi. Alitandaza udongo mbichi wa mfinyanzi juu ya ubao, akachukua cheni ya zamani, akahesabu pingili arobaini na sita, akaifunga duara, akailaza juu ya udongo na kuikandamiza. Alipoinua, duara lote la meno lilikuwa limechorwa pale, kila jino mahali pake, bila rula, bila hesabu ya shule. "Cheni inajua yenyewe inataka kukaa wapi," akaniambia. Kisha akalikata lile jembe kwa msumeno wa chuma na kulipiga tupa, siku kumi na tisa. Vidole vyake vilipasuka. Mama yetu, Mokami, alimpaka mafuta ya ng'ombe kila jioni na kumuuliza kama amelogwa.

Spoketi ikawa ya meno arobaini na sita badala ya thelathini na nane. Mwendo wa mbio utapungua, akasema, lakini nguvu ya kupanda itaongezeka. Kwa ekzosi alichukua kipande cha bomba la pampu ya maji ya kijiji, pampu ambayo ilikuwa imekufa tangu izinduliwe. Alilipasha moto kwa mvukuto, akalipinda, akaliunganisha na injini kwa ribiti na kibati, akaziba kiungo kwa udongo na majivu. Ndani hakuweka kitu. Alitaka ipumue.

Siku ya kuirudisha aliipanda mwenyewe kutoka kibandani kwake. Watu wa kijiji cha wazazi wangu walisimama kuitazama ikipanda Kilima cha Mawe bila kukohoa hata mara moja, inanguruma kwa sauti nzito kama ya trekta la shamba la kijiji. Alipofika juu akazima injini na kuteremka upande wetu kwa mserereko, kimya kimya, ili kuokoa petroli ya serikali. Ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya. Akamkabidhi Agustina, akarudi kwake kwa miguu. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, ingawa hakuna mtu yeyote aliyeliona. Cleophas alikuwa ameisikia ikipanda. Hakuwahi kuisikia ikishuka.

Uchungu wangu ulianza siku nne baadaye, saa tisa mchana. Agustina akanipapasa, akaguna. Mtoto amekaa vibaya tena.

"Twende," akasema. "Leo hatusukumi mtu."

Nilipanda nyuma, nikamkumbatia kiunoni. Tulipofika pale mahali, pale pa mara ya kwanza, nilifumba macho. Pikipiki ikanguruma, ikavuta, ikapita. Nilifumbua macho na kile kipande cha mlima kiko nyuma yangu! Nililia na kucheka pamoja. Nikasema kwa sauti, "Cleophas, mwana wa mama yangu, Mungu akupe!" Agustina naye alikuwa anacheka, akanifokea nisimtikise.

Juu ya kilima niliona mabati ya ofisi ya kijiji chetu cha zamani, na ng'ombe wanarudi kutoka mtoni, vumbi jekundu linapanda. Jua lilikuwa mgongoni kwetu. Tukaanza kuteremka. Breki za pikipiki ile zilikuwa za kumwomba Mungu, na kwa uzito wa watu wawili na nusu Agustina hakuthubutu kuserereka. Akaweka gia ya kwanza, akaachia mshikio wa mafuta, ili injini yenyewe izuie.

Paa!

Nilidhani tairi limepasuka. Paa! Paa! Mlio ulitoka chini yangu, ukagonga mawe ya kilima, ukarudi mara mbili. Agustina akapiga kelele, "Ni nini hiki?" Nami sijui. Ng'ombe wale chini walitawanyika mikia juu.

Kisha nikasikia mwano. Asiyeijua nchi yetu na ajue: mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila mwanaume anayelisikia anatoka na silaha yake, awe anakula, awe mgonjwa, awe amegombana na aliyelipiga. Asiyetoka analipa mbuzi, na anayetoka mikono mitupu anahesabiwa kuwa hakutoka. Yowe lilipanda kutoka chini, likapokelewa na boma la pili, la tatu, mpaka ng'ambo ya mto. Na ile sauti ya kwanza kabisa, iliyoanzisha, niliijua. Nimekua nayo. Ilikuwa sauti ya Cleophas.

Mnajua nilifanya nini? Nilimpiga Agustina mgongoni nikamwambia, "Ongeza mwendo! Kwa kaka yangu kuna wezi, wana bunduki!"

Hata sasa najishangaa. Nilimhurumia! Niliona ng'ombe wa baba wanakwenda, nikasahau uchungu. Haikuniingia akilini kwamba mwizi ni mimi. Agustina hakuongeza mwendo, lakini kupunguza nako hakuweza, na kila alipoachia mshikio bomba lilipiga paa, paa, na kila lilipopiga, mwano uliongezeka.

Wanaume walitokea kwenye vichaka chini ya barabara, pande zote mbili, pinde zimevutwa. Sisi tulikuwa tunatoka kwenye jua, tumefunikwa na vumbi letu wenyewe. Waliona watu wawili juu ya mashine na kusikia risasi. Nilimwona mmoja aliyekuwa mbele ya wote, amepiga goti moja. Nilimtambua kwa shati lake la madoa ya oili. Nikafungua mdomo niite jina lake.

Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji. Pikipiki ikaruka, Agustina akainama, nami nikainama naye, na kitu kikapita shavuni mwangu kwa upepo mkali, kikaenda kugonga kichuguu nyuma yetu. Mshale wa sumu. Kisha tukaanguka kwenye nyasi, injini ikazima, na kukawa kimya.

"Mura, ngoja! Ngoja!" Ilikuwa sauti ya Mzee Benedicto, mkubwa wa rika la baba yangu, akimzuia kaka yangu; mura kwetu ni kijana. "Ni mwanamke! Ni wanawake hawa!"

Walikuja mbio, wakasimama. Zaidi ya wanaume arobaini wenye pinde, mapanga na rungu, wakimtazama nesi wa serikali mwenye gauni lililochanika na mwanamke mwenye tumbo. Cleophas alikuwa wa mwisho kufika ingawa alikuwa wa karibu kuliko wote. Alinitazama mimi, akatazama pikipiki, akatazama lile bomba ambalo bado lilikuwa linatoa moshi.

"Ni yako," Mzee Benedicto akamwambia. "Hii si ile yako?"

Sikusikia kama alijibu, kwa sababu mtoto aliamua kuja wakati uleule. Agustina anasema mwanguko ulimgeuza. Mimi sijui kilichomgeuza. Najua nilipiga ukelele na Agustina akapiga magoti, akasema, "Hapahapa, dada, hatuendi popote."

Sasa sikilizeni aibu. Kwetu mwanaume hakai karibu na mwanamke anayejifungua. Akisikia tu uchungu umeanza anaondoka boma zima. Na mimi nimezungukwa na wanaume arobaini, baadhi yao ni wakwe wa ndugu zangu. Wengine walianza kukimbia. Mzee Benedicto akawazuia kwa fimbo.

"Mtakimbia mumwache porini, na hatujui kama wezi wapo au hawapo? Geukeni! Vueni mashuka! Atakayegeuza shingo nitamlaani mimi mwenyewe."

Wakageuka. Wote. Walifanya duara kubwa, migongo kwetu, nyuso porini, pinde mikononi, na mashuka yao wameyaunganisha kama ukuta. Nilizaa nikiwa naitazama migongo ya wanaume. Ninayo hadi leo machoni: mgongo wenye kovu la kiboko, mgongo wa mtu aliyekuwa anatetemeka, na mgongo wenye shati la oili ambao Mzee Benedicto alilazimika kuugeuza kwa mikono miwili, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwama kama nguzo.

Mtoto alipotoka hakulia. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu, nikasema moyoni, basi, tena. Agustina akampiga nyayo, akamsafisha pua kwa kidole, akampulizia.

Mtoto akapiga kelele.

"Nesi," Mzee Benedicto akauliza bila kugeuka, "huyo anayelia ni mtoto au ni mama?"

"Ni mtoto, baba. Msichana."

Duara lote likaguna, kisha wakaanza kucheka, migongo ikitikisika, wanaume wazima wenye mishale ya sumu. Mgongo mmoja tu haukucheka. Tulimwita mtoto Robi, jina la bibi yetu.

Jumapili wazee walikaa kuamua kama mwano ule ulikuwa wa uongo, maana mwano wa uongo una adhabu kubwa. Wakasema Cleophas alisikia mlio kwa masikio yake na hakudanganya. Wakamcheka sana. Mtu hajui mlio wa mkono wake! Yeye aliwaeleza, macho chini, kwamba kiungo kilikuwa kinavuta hewa, na bomba tupu halina cha kumeza mlio, hivyo mafuta yaliyobaki yanalipukia nje mashine inapozuiwa. Akaongeza kibati chenye matundu ndani ya bomba, akafunga kiungo upya. Spoketi ya jembe la plau Agustina alikataa isiguswe, na wanawake kumi na mmoja ninaowajua walivuka Kilima cha Mawe nyuma yake.

Na kuhusu mshale watu wote walisema jambo moja, nami nikaliamini: damu ilimzuia. Mkono wa Cleophas haukosi swala akikimbia, itakuwaje ukose pikipiki? Ni wazi alilenga pembeni, aonye tu. Nilizoea kusema hivyo hata kwa fahari, kwenye ngoma na kwenye misiba.

Lakini toka siku ile kila mwano ulipopigwa Cleophas alitoka mikono mitupu. Alikimbia na wenzake, mbele kabisa, bila upinde, bila panga, hata fimbo hana. Wazee wakamtoza mbuzi. Mwano wa pili, mbuzi. Wa tatu, mbuzi, na huyo alikuwa wa mwisho zizini kwake. Nilivuka kilima nikiwa na Robi mgongoni, nimekasirika hasa.

Nilimkuta anapiga tupa. "Wewe ni mwanaume gani?" nikamwambia. "Watoto wako watakunywa nini? Mafuta ya cheni? Beba hata upinde uliokatika kamba, wazee watanyamaza! Unaona haya kwa mshale mmoja uliolenga pembeni?"

Aliendelea kupiga tupa kidogo. Kisha akaiweka chini.

"Sikulenga pembeni, Mogesi."

Nikaikamata khanga niliyombebea Robi kwa mikono miwili.

"Nililenga kifua cha wa nyuma. Huwa tunaanza na wa nyuma, kwa sababu ndiye anayeshika bunduki. Nililenga vizuri. Ni ule mfereji tu." Akamtazama Robi aliyekuwa amelala mgongoni kwangu, akaangalia upande mwingine. "Watu wanasema damu inajua. Damu haikujua kitu. Na mkono nao haukujua."

Nilihisi ule upepo shavuni upya. Nikageuka, nikaondoka bila kumuaga, nikapanda Kilima cha Mawe nikiwa sioni njia, na nilipofika nyumbani Waitara aliniuliza kama kuna msiba.

Mwano uliofuata ulipigwa mwezi wa nane, mwaka wa themanini na moja. Cleophas alitoka mikono mitupu. Asubuhi yake nilivuka kilima kabla wazee hawajaketi, nikamfunga mbuzi wangu kwenye mti wa Mzee Benedicto, nikamwambia mzee ni wa faini ya kaka yangu.